Kadi ya michoro ya kuchezea gemu: ipi ununue kwa pesa uliyonayo

Mtu akiniomba ushauri wa kadi ya michoro, ile sehemu ya kompyuta inayochora picha za gemu, huwa ameshaibeba kadi yake kichwani. "Vipi hii 5060 Ti, iko poa?" Na mimi humrudishia swali: monita yako ni ya aina gani? Hapo ndipo anapokwenda kuinama nyuma ya meza kusoma namba ya modeli iliyojaa vumbi.

Monita ndiyo inayoamua. Kioo cha 1080p kina pikseli (vidoti vya picha) 2,073,600. Cha 1440p kina 3,686,400. Cha 4K kina 8,294,400, yaani mara nne ya kile cha kwanza, na kila pikseli lazima ichorwe upya kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo. Ukiwa na monita ya 1080p ya 60 Hz, yaani inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kadi kubwa itakutolea fremu 150 kwa sekunde na wewe utaona 60. Kweli, mchezo utaitikia kipanya haraka kidogo, lakini hiyo siyo sababu ya kulipa mara mbili. Afadhali hela hiyo inunue monita ya 144 Hz, na kadi ya kawaida ikae chini yake.

Swali la pili ni gemu zenyewe. Wachezaji wa Counter-Strike 2, Valorant au Dota 2 wanaitegemea prosesa kuliko wanavyodhani, na kadi ya wastani inawatosha kabisa. Wapenzi wa gemu kubwa za hadithi hali yao ni nyingine. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 zinadai kadi ambayo chipu yake yenyewe ina uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing), yaani kukokotoa jinsi mwanga unavyoangukia vitu. GTX 1080 Ti, iliyokuwa mfalme mwaka 2017, haina uwezo huo, imeachwa nje ya mlango.

Sasa tuingie kwenye jambo linalowaumiza wanunuzi wengi: memori ya kadi. Ngozi za nyuso, kuta na majani ya mchezo huhifadhiwa humo. Ikijaa, kadi huanza kuazima nafasi kwenye ram ya kompyuta, na njia ya kufika huko ni nyembamba mno. Memori ya RTX 5060 Ti inasafirisha takriban GB 448 kwa sekunde. Ukiichomeka kadi hiyo kwenye ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) wa zamani wenye sloti ya PCIe 3.0, njia ya kwenda kwenye ram inabeba kama GB 8 tu, kwa sababu kadi hiyo hutumia nusu ya laini za sloti, yaani njia zinazopitisha data. Matokeo yake hayaonekani kwenye wastani wa fremu, ndiyo maana majedwali mengi huyaficha. Yanaonekana mkononi: unageuka kona, picha inaganda nusu sekunde, kisha ukuta uliokuwa na matofali unageuka kuwa ute wa kahawia kabla matofali hayajarudi. Watu huilaumu intaneti, wengine hununua ram mpya. Kumbe ni GB 8 zimejaa.

Kwa hiyo kipimo changu kwa anayenunua kadi mpya leo ni hiki: GB 8 ni kwa 1080p na kwa mtu aliye tayari kushusha mipangilio, GB 12 inakubalika, GB 16 inakupa usingizi. GB 4 isahau.

Kulinganisha bei ni hesabu ya darasa la nne. Chukua bei ya kadi mahali ulipo, igawe kwa wastani wa fremu inazotoa kwenye gemu unazocheza wewe, kwa kioo ulicho nacho. Inayotoa namba ndogo ndiyo yenye thamani, mradi isiwe na kasoro ya memori. Usitumie bei ya uzinduzi iliyotangazwa na kampuni. Tumia ile utakayotoa mfukoni.

Basi, orodha yangu, nikianza na ninayoipendekeza kwa watu wengi zaidi.

Ya kwanza: Radeon RX 9060 XT ya AMD, yenye GB 16. Ilitoka Juni 2025. Inakula wati 160 hivi, inatumia laini zote 16 za sloti, kwa hiyo hata ubao mama wa miaka ya nyuma hauinyongi sana. Inamaliza 1080p bila jasho na inaimudu 1440p kwa mipangilio ya juu kwenye gemu nyingi. Teknolojia yake ya kukuza picha, FSR 4, inayochora picha ndogo kisha kuikuza ili fremu ziongezeke, imeifuta aibu ya matoleo yaliyotangulia, ambayo yalifanya nywele na nyaya zimemeteke kama samaki majini. Kama huna sababu maalumu ya kuchagua nyingine, nunua hii ukacheze.

Ya pili: GeForce RTX 5060 Ti ya Nvidia, yenye GB 16. Sababu maalumu ndiyo hizi: unahariri video, unatumia Blender (programu ya kuchora 3D), unarusha michezo yako mubashara, au gemu zako nyingi zina DLSS (teknolojia ya Nvidia ya kukuza picha) na hazina FSR 4. Kwa kuchezea tu, tofauti yake na ile ya kwanza ni ndogo, na mara nyingi bei yake iko juu. Zikilingana bei, chagua unayoipenda, sitagombana nawe.

Ila soma boksi mara mbili. Kadi hizi mbili zina ndugu zao wa GB 8 wenye jina lilelile, rangi ileile, na tofauti imeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Mchezo huu si mgeni. GTX 1060 ya GB 3 haikupungukiwa memori tu, ilikuwa na viini (vijisehemu vya chipu vinavyofanya hesabu) 1,152 badala ya 1,280. RTX 3050 ya GB 6 nayo imepunguzwa viini ikilinganishwa na ya GB 8. Jina moja, kadi mbili.

Ya tatu: Intel Arc B580. GB 12, wati 190, kwa kawaida iko chini ya hizo mbili kwa bei. Ilipotoka Desemba 2024 ilisifiwa kila kona, halafu ukweli ukafuata: draiva yake, yaani programu inayoiendesha kadi, inaichosha prosesa. Ukiiweka kwenye kompyuta yenye prosesa ya kizamani, sehemu kubwa ya nguvu uliyoinunua hutaiona. Pia lazima ubao mama uwe na Resizable BAR (kipengele kinachoiruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mkupuo) na uiwashe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya ubao mama. Kwa anayejenga kompyuta mpya kwa bajeti finyu, ni chaguo zuri sana. Kwa anayefufua mashine ya mwaka 2017, hapana.

Ya nne, kwa kioo cha 1440p na pesa ya kutosha: RX 9070 au RX 9070 XT. Zote zina GB 16. Ya kwanza inakula wati 220, ya pili 304. Napenda ile ndogo kwa sababu inafanya kazi karibu sawa kwa joto dogo, lakini wauzaji mara nyingi huziweka bei zinazokaribiana kiasi kwamba unajikuta unachukua XT tu. RTX 5070 inashindana nazo na ina GB 12, jambo linalonikera kwa kadi ya ngazi hiyo. RTX 5070 Ti yenye GB 16 ni bora kuliko hizo zote tatu, hasa ukipenda mwanga wa miale, na inalipisha ubora huo.

RTX 5080 na 5090 nitazipita haraka. Ya kwanza ina GB 16 na inakula wati 360, ya pili ina GB 32 na wati 575. Mwenye uwezo wa kununua 5090 hahitaji mwongozo wangu, anahitaji kasha kubwa na pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 1,000.

Wale wenye bajeti ya chini kabisa, sijawasahau. Wengi wenu mna kompyuta ya ofisini iliyostaafu, ile nyembamba, yenye pawasaplai isiyo na waya wa ziada. Sloti ya PCIe yenyewe hutoa wati 75 tu, kwa hiyo unatafuta kadi inayoishi ndani ya kiasi hicho. RTX 3050 ya GB 6, ambayo nimeisema vibaya hapo juu, hapa inageuka shujaa: wati 70, haitaki waya, na zipo zenye kimo kifupi. Pima nafasi kabla ya kulipa. Ikimbie RX 6500 XT. Ina GB 4 na laini 4 tu za PCIe, na kwenye ubao mama wa zamani inakohoa.

Kama pawasaplai inaruhusu, mtumba ndio mkombozi wa bajeti ya chini. RX 6600 ya GB 8, wati 132, bado inaiendesha 1080p kwa heshima. RTX 3060 ya GB 12 ni nzuri kwa anayetaka na kuhariri. Siwashauri tena kununua familia ya GTX 10 (kama GTX 1060 na 1080 Ti), hata ikiuzwa kama njugu. Nvidia iliacha kuitolea draiva za gemu mpya Oktoba 2025, imebakiza masahihisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028.

Kuhusu pawasaplai, nimewahi kuumia. Niliweka kadi mpya, Windows ikawaka vizuri, menyu ya gemu ikafunguka, na mlipuko wa kwanza ukazima kompyuta nzima, tuli, kama umeme umekatika. Nilibadilisha draiva mara tatu kabla ya kugeuza ile pawasaplai na kusoma kibandiko chake. Juu kimeandikwa 600W kwa herufi za dhahabu. Chini, kwenye mstari wa volti 12 ambao ndio unaolisha kadi na prosesa, ampea 28. Zidisha: 28 kwa 12 ni wati 336. Wati nyingine zilikuwa za kupambia boksi. Tangu siku hiyo sisomi namba ya juu.

Na mtumba usikubali kuuziwa kama mbuzi kwenye gunia. Kuna kadi kuukuu zilizoandikwa upya programu yao ya ndani (BIOS) ili zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti au 1060. Dalili ya kwanza unaiona hata kabla ya kuichomeka: ukikuta tundu la buluu la VGA, lile la waya wa monita za zamani, nyuma ya kadi inayojiita GTX 1060, irudishe mezani, kwa maana chipu za familia hiyo haziwezi kutoa picha ya VGA. Dalili ya pili ni programu ya bure ya GPU-Z, ambayo huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi nyingi za namna hii. Itumie pia kuhesabu viini: RX 580 kamili ina 2,304, lakini kuna ile ya viini 2,048 (2048SP) inayouzwa kwa jina hilohilo bila mnunuzi kuambiwa.

Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali zimejaa sokoni tangu sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022. Siziogopi kama wengine. Chipu iliyofanya kazi kwa joto tulivu inaweza kuwa salama kuliko ya kijana aliyeibana kwenye kasha lisilo na feni. Kinachochoka ni feni zenyewe na vibandiko vya joto juu ya memori. Kwa hiyo muombe muuzaji aiwashe mbele yako, fungua gemu nzito, na ukae nayo nusu saa. Sikiliza feni kama inakwaruza. Tazama kioo kama kuna vidoti vya rangi au mistari inayopepesa. Halafu gusa waya wa umeme pale unapoingia kwenye kadi: ukiwa umekuwa mgumu, umebadilika rangi, au plastiki ya kiunganishi imelainika na kupinda, mshukuru kwa muda wake na uondoke na hela yako.