TAHADHARI: Eryngium za bluu zinazouzwa mtandaoni Nairobi, nyingine ni miiba iliyopakwa rangi

Wapambaji wenzangu, na nyinyi mnaojipangia maua ya harusi wenyewe, shikeni pesa zenu kwanza. Kuna muuzaji anayechukua miiba ya kando ya barabara, anaipuliza rangi ya kopo na kutuuzia kama eryngium. Mimi ameshanila shilingi 14,000.

Kwa asiyeijua, eryngium ni lile ua linalofanana na mbaruti: kichwa kigumu kama koni ndogo, kimezungukwa na kola ya miiba, na ubluu wake unashuka mpaka kwenye shina. Kenya inalimwa sehemu za juu zenye baridi, ila nyingi hupanda ndege kwenda Ulaya, kwa hiyo sisi wa mjini tukisikia mtu anayo tunamkimbilia.

Huyu hakuniingia kijinga. Mara ya kwanza niliagiza mafungu matatu tu, yakaja mazuri kabisa. Nikayapanga kwenye vikombe vya bati na majani ya mkaratusi, mteja akayapenda, akataka meza zote ziwe hivyo. Nikaagiza mafungu 40 kwa shilingi 350 kila moja. Akasema oda kubwa hulipwa yote mapema. Nikatuma.

Mzigo uliletwa na boda boda Ijumaa saa tatu usiku, harusi ikiwa Jumamosi asubuhi. Saa hizo utamrudishia nani? Kijana wa boda hajui chochote, kapewa boksi na namba ya simu tu. Nilipofungua nikapigwa na harufu ya rangi kama ya gereji. Juu vichwa ni bluu ya kung'aa, ukigeuza upande wa chini ni kijani kikavu. Nikapangusa kimoja kwa tishu yenye maji, tishu ikabaki bluu. Hebu fikiria ile tishu ni gauni la bibi harusi.

Katikati ya boksi kulikuwa na mafungu kama sita ya eryngium ya kweli, lakini changa, ya kijani. Nilipompigia akaniambia, "Dada, weka kwa maji, kufika asubuhi itakuwa bluu." Uongo mtupu. Eryngium hupata rangi ikiwa bado shambani. Ukishaikata ya kijani, itabaki ya kijani, na mara nyingi shingo inalegea kabla hata hujamaliza kupanga. Baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani. Nilituma ujumbe wa muamala kwa 456, namba ya M-Pesa ya kuomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshatolewa.

Kwa hiyo mzigo ukifika, chukua shina moja ulitazame taratibu. Eryngium halisi ubluu wake hufifia polepole kuelekea chini mpaka ukawa kijani. Ya kupulizwa ina mabaka, na rangi inakatika ghafla pale kopo lilipoishia. Chungulia pia chini ya kola. Kuna wanaonywesha maua maji ya rangi badala ya kupuliza, hao utawajua ndoo ikianza kugeuka bluu. Harufu isikutishe peke yake, maana hata eryngium ya kweli hunuka vibaya maji yake yakikaa. Lakini haiwezi kunuka rangi ya gereji!

Oda kubwa msikubali ifike usiku wa kuamkia sherehe. Ua hili ni gumu, linakaa wiki nzima na zaidi kwenye maji safi, kwa hiyo muuzaji hana sababu ya kuchelewesha mpaka Ijumaa usiku.

Bibi harusi alipata waridi nyeupe na yale mafungu sita ya kijani, nikamwambia ukweli kabla hajaingia kanisani. Yule muuzaji ameshabadilisha jina la ukurasa, ila picha ya kwanza ni ileile: ndoo ya bati iliyojaa eryngium mbele ya dirisha lenye theluji nje. Hiyo theluji ningeiona mapema.