Uzoefu Wangu na Windows LAPS: Kila Kompyuta na Nywila Yake

Kwa miaka kadhaa nilibadilisha nywila za akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta za kazini kwa PsPasswd, programu ndogo ya Sysinternals, mkusanyo wa zana za Microsoft, ambayo hupewa jina la kompyuta, jina la akaunti na nywila mpya, kisha huimaliza kazi kupitia mtandao. Kazi yake huifanya vizuri. Tatizo lilikuwa mashine zilizozimwa: kila nilipomaliza nilibaki na orodha ya kompyuta ambazo hazikujibu, nyingi zikiwa kompyuta mpakato za watu walio safarini, na baada ya miezi michache sikuweza tena kusema kwa uhakika ni ipi imepokea nywila mpya na ipi bado ina ya zamani. Lililonikosesha usingizi hasa ni kwamba nywila ilikuwa moja kwa zote, kwa hiyo mwizi akiipata kwenye kompyuta moja, au akipata hata heshi yake tu (alama inayokokotolewa kutoka kwenye nywila), nyingine zote zimekwisha kufunguka.

Nikahamia Windows LAPS, zana ya Microsoft ya kusimamia nywila ya msimamizi wa kila kompyuta, ambayo tangu Aprili 2023 imo ndani ya Windows 10 na 11 kupitia masasisho ya kawaida. Hapa sizifuati kompyuta tena. Kila moja hujitungia nywila yake, huihifadhi kwenye Active Directory (saraka kuu ya akaunti na kompyuta za ofisi), na muda ukiisha huibadilisha yenyewe. Usipoweka vingine, nywila huwa na herufi 14 na hudumu siku 30. Kompyuta iliyokaa kabatini miezi miwili haipotezi hesabu: isipoifikia seva ya domeni, yaani ya mtandao wa ofisi unaosimamiwa pamoja, haibadilishi kitu, na ikirudi mtandaoni hubadilisha mara moja. Kwangu mimi hilo peke yake lilitosha kunifanya nihame.

Kuna usumbufu, nao huonekana simuni. Nilimsomea mwenzangu nywila ya kompyuta iliyopoteza mawasiliano na domeni, naye akakataliwa mara tatu, kwa sababu I kubwa na l ndogo zilifanana kabisa kwenye skrini yangu. Windows 11 toleo la 24H2 ina chaguo la kuziacha herufi zinazochanganya, nami ninalipendekeza kwa yeyote anayehudumia watu kwa simu. Nywila ikishatumika hubadilishwa tena baada ya saa 24, kwa hiyo aliyeiandika kwenye karatasi hana nayo faida kesho kutwa.

Jambo ninaloliomba lizingatiwe kuliko yote ni ruhusa za kusoma. Usimbaji wa nywila ndani ya Active Directory, yaani kuzificha zisisomeke bila ufunguo, unahitaji domeni iwe katika kiwango cha Windows Server 2016 au zaidi. Chini ya hapo nywila hukaa wazi, zikilindwa na ruhusa tu. Nilipoendesha amri ya Find-LapsADExtendedRights, inayoonyesha nani ana ruhusa ya kuzisoma, nilikuta kikundi cha zamani, ambacho sisi wenyewe tulikisahau, bado kinaweza kuzisoma zote, nikakiondoa siku hiyohiyo.

Usimbaji huo ndio pia unaoruhusu kuhifadhi historia, hadi nywila 12 zilizopita. Niliuona umuhimu wake tuliporejesha mashine pepe (kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine) kutoka nakala ya wiki tatu nyuma: nywila ya sasa ilikataa, ya kabla yake ikafungua.