Pasheni ya Kokteli: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Tangu sikukuu zipite, wasomaji kadhaa wameniandikia kulalamikia jambo lile lile. Wamenunua boksi la juisi ya pasheni lililoandikwa "100%" kwa herufi kubwa, wamechanganya na konyagi au ramu, wametia ndimu na barafu, na kilichotoka kwenye glasi ni maji matamu yenye kileo. Pasheni haionekani wala hainukii. Mmoja aliishuku konyagi, akaenda kununua chupa nyingine. Konyagi ya watu haina kosa hapo.

Habari ya tarehe ya kuisha muda siigusi, hiyo kila mtu anaiangalia. Mimi nina ugomvi na mstari mmoja tu, ule wa viambato ulioandikwa kwa maandishi ya sisimizi nyuma ya boksi. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo soma tunda la kwanza kutajwa. Mara nyingi utakuta peasi, tufaha au zabibu nyeupe, na pasheni inafuata nyuma kama mgeni wa kuchelewa. Ile mia kwa mia ni kweli, ila ni mia ya matunda yote kwa ujumla wake. Kiwanda kina hesabu zake: pasheni ni ghali na ni kali, maji ya peasi ni rahisi, ni matamu, na hayana ladha ya kujitokeza sana. Ukichanganya, kinywaji kinashuka vizuri kooni.

Kwa kunywa na chapati asubuhi, hakuna neno. Kwenye kokteli ni hasara, kwa sababu pale pasheni tunaitaka kwa ukali wake na harufu yake. Ukitikisa kinywaji na barafu, barafu inayeyuka na kuongeza maji, kama robo hivi. Pombe nayo inafunika. Pasheni iliyokuja kidogo tangu kiwandani haina pa kusimama.

Neno jingine la kuwekea macho ni "nekta". Umoja wa Ulaya, kwa kanuni zake za 2001, unaruhusu nekta ya pasheni iwe na tunda asilimia 25 tu, nyingine maji na sukari. Imeandikwa wazi, hakuna aliyeibiwa. Ila ukiimimina kwenye ramu usitegemee maajabu.

Sasa nipange.

Nafasi ya kwanza ni pasheni zenyewe, ukageuza shira nyumbani. Na hapa ndipo penye vita na wauzaji. Pasheni iliyoiva hudondoka yenyewe kutoka kwenye mmea wake. Zinazochumwa kwa ajili ya safari ndefu huchumwa mapema, ndiyo maana zinafika sokoni zikiwa laini na zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Muuzaji atakuuzia hizo kwa bei ya juu akikuapia kuwa ni mpya, na zile zilizosinyaa atazisukuma pembeni aziite za jana. Chukua za pembeni! Kusinyaa kidogo ni dalili ya kuiva, na mara nyingi anazitoa kwa bei ya kutupa. Cha kuangalia ni uzito tu: iliyosinyaa na ni nzito mkononi, beba, iliyosinyaa na ni nyepesi, imekauka ndani, mwachie. Ukinunua kwa sado, lile kopo la kupimia, ingiza mkono mpaka chini kabla hajajaza. Kuna sado za mjini zimegongwa kitako mpaka kimeingia ndani, na hakuna mtu wa vipimo anayepita kuziangalia. Ukiuliza unaambiwa, "Dada, sado ni sado."

Za zambarau, zile za nyanda za juu zenye baridi, zina harufu nzuri zaidi. Za njano za ukanda wa chini ni kubwa na zina ukali zaidi. Kwa kokteli mimi huchanganya nusu kwa nusu nikizipata zote mbili, na nikipata aina moja tu sijisumbui.

Kuandaa si kazi. Kwangua nyama na mbegu zake, tia kwenye brenda, bonyeza na kuachia mara mbili tatu, basi. Ukiiacha brenda izunguke, mbegu zinasagika, unapata uchungu na vidoa vyeusi ambavyo hakuna chujio litakalovitoa. Chuja kwa chujio la chai ukisugua na mgongo wa kijiko. Kilo moja ya matunda itakupa maji kama theluthi yake, kwa hiyo usishangae ukiona kikombe kimoja na ushee. Pima maji hayo kwenye mizani, tia sukari ya uzito ule ule, koroga mpaka iyeyuke. Usiweke jikoni. Moto ndio unaofukuza harufu, na harufu ndiyo uliyoifuata sokoni. Gandisha kwenye vitreya vya barafu, utoe kimoja kimoja ukihitaji.

Ya kuijaribia? Kinywaji kinachoitwa Hurricane, kilichopata jina kwenye baa ya Pat O'Brien's mjini New Orleans miaka ya 1940: toti mbili za ramu nyeusi, toti moja ya maji ya limao, toti moja ya shira ya pasheni, tikisa na barafu nyingi. Hapo ndipo utajua kama shira yako ina kitu.

Nafasi ya pili naipa Monin, na najua nitaambiwa nimelipwa. Hata chupa ya bure sijawahi kupewa. Ni kampuni ya Bourges, Ufaransa, ipo tangu 1912, na shira ndiyo kazi yake. Ninachoipendea ni kwamba chupa ya leo na chupa ya mwezi ujao zinalingana ladha, jambo ambalo pasheni za sokoni haziwezi kukuahidi. Ni tamu kuliko kali, hivyo ongeza ndimu kuliko ulivyozoea. Kuhusu bei yake sina la kutetea. Kuna duka mjini, silitaji, lilikuwa linauza kwa dola. Kanuni za Tanzania za 2025 zilipokataza kuweka bei kwa fedha za kigeni, wakageuza kuwa shilingi, na katika kugeuza wakapandisha juu kidogo "kwa sababu ya usumbufu". Usumbufu wa kuandika kibandiko! Na chupa zenyewe wamezipanga dirishani, jua la mchana linazipiga. Nunua iliyo kwenye rafu ya ndani.

Ya tatu ni rojo la pasheni lililogandishwa, linalouzwa na wanaotengeneza majumbani. Akitokea mkweli, ni zuri sana. Onja kabla ya kulipa: kama uso haukunji, maji yameingia.

Boksi ni la nne, na liwe lile linalotaja pasheni kwanza. Juisi za chupa za kuzimua kwa maji ni za watoto, tuendelee.

Matunda mengine yana sheria zake. Embe, kwa mfano, lina nyama nzito isiyotikisika vizuri, hivyo boksi si dhambi. Nje ya msimu wa dodo natumia Azam ya embe na ndimu ya kutosha, sioni aibu. Nanasi nunua bichi daima, la Kiwangwa, kule Bagamoyo, ukilipata. Juisi yake mbichi ukiitikisa inatoa povu zuri juu ya glasi, ya boksi haitoi hivyo. Ila usiliweke nanasi bichi pamoja na maziwa yakakaa, yatakuwa machungu. Tumia tui zito la nazi lililotiwa sukari, kama pinakolada inavyotaka.

Ukwaju ndio wenye faida kuliko yote na ndio unaodharauliwa. Chagua wa kahawia, unaonata, usio mkavu. Loweka kwenye maji ya vuguvugu, vuruga kwa mkono, chuja, tia sukari nusu ya uzito wa maji yake. Ukali wake hauondoki kwa moto, kwa hiyo huu unaweza kuuchemsha bila wasiwasi, na unakwenda na konyagi kuliko hata pasheni. Ukinunua kwa kilo, dai uliotolewa mbegu, la sivyo unalipia mbegu.