LineageOS 18.1 kwenye Galaxy S5: romu naikubali, kuzidisha mwendo wa prosesa siitaki

Wengi wananiuliza kama Galaxy S5 ya zamani inafaa kuwekewa mfumo mpya na kuzidishwa mwendo. Nianze na jibu, maana najua wapo wanaosoma haya na waya wa USB ushachomekwa. Galaxy S5 ilitoka mwaka 2014, Samsung wakaiishilizia Android 6.0.1, na Chrome nayo ikaacha kuleta matoleo mapya kwa Android 6 mwaka 2022. Ukiibakisha na mfumo wake wa kiwandani, programu zinaikimbia moja baada ya moja. LineageOS 18.1, romu (yaani mfumo wa simu usiotoka kwa Samsung) ambayo ni Android 11, inairudisha kazini kweli. Ama huko kuipandisha prosesa juu ya kiwango chake, wanakokusifia vijana wengi wa simu hapa mjini, kwa hali ya hewa ya Unguja ni kujitafutia joto tu.

Kabla ya kupakua chochote, ijue S5 yako ni ipi. Romu hii, ambayo faili lake lina jina la klte, ni ya SM-G900F yenye prosesa ya Snapdragon 801. SM-G900H ina prosesa ya Exynos na haina 4G. Faili la klte hailikubali. Za mitandao ya Marekani, G900A na G900V, butiloda zake (programu ndogo inayouwasha mfumo) zimefungwa, hazipokei romu nyingine, kwa hivyo ukiikuta soko la Darajani kwa bei ya kutupa, ujue kwa nini. Kibandiko cha chini ya betri usikiamini, kwani magamba ya simu za mtumba hubadilishwa. Zima simu, shika kwa pamoja kitufe cha kupunguza sauti, cha Home na cha kuwashia, kisha ongeza sauti kukubali. Ukurasa wa Download utaandika modeli ya kweli kwenye mstari wa PRODUCT NAME. Hapo hapo kuna mstari wa Knox, alama ya usalama ya Samsung inayoonyesha kama simu imewahi kutiwa programu isiyo yake: 0x0 ikishageuka 0x1 hairudi tena. Kwa simu ya umri huu, mimi halinishughulishi.

Isasishe kwanza hadi toleo la mwisho la Samsung. Wengi huruka hatua hii, halafu wanalalamika kuwa mtandao unapotea, kumbe modemu (programu inayoiunganisha simu na mtandao) na butiloda ni za zamani na romu mpya haiziwezi. Baada ya hapo, weka kwenye kompyuta ya Windows Odin, programu ya kutia mafaili ya mfumo kwenye simu za Samsung, pamoja na draiva ya Samsung. Tia TWRP ya klte, ambayo ni rekavari, yaani sehemu ya simu ya kuwekea romu na kuchukua bakapu (faili la .tar), kwenye sehemu ya AP, na ondoa alama ya Auto Reboot. Alama hiyo ndiyo inayowasumbua watu: ukiiacha, simu inajiwasha yenyewe na mfumo wa Samsung unaifuta TWRP na kurudisha rekavari yake. Ikishaandika PASS, chomoa betri, irudishe, kisha shika kuongeza sauti, Home na kuwashia mpaka TWRP ifunguke.

Jambo la kwanza humo ni bakapu ya EFS, sehemu inayohifadhi IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kwenye kadi ya SD, na nakala nyingine kwenye kompyuta. EFS ikiharibika, IMEI inapotea na laini haisomi tena. Ni faili dogo mno, hakuna udhuru wa kutolihifadhi.

Kisha Format Data, uandike yes. Kufuta kwa kawaida hakutoshi. Futa pia System na Cache, weka zip ya LineageOS, na papo hapo, kabla simu haijawaka, weka kifurushi cha Google (Play Store na huduma zake). Chagua cha Android 11 cha arm, si arm64, kwa sababu S5 ni ya biti 32, na uchukue kilicho kidogo kabisa maana RAM ni GB 2 tu. Ukiiwasha simu kwanza halafu ukarudi kuongeza Google, huduma zake zitakuwa zinaanguka kila baada ya muda. Kuwaka mara ya kwanza kunachukua dakika kadhaa. Nembo ikizunguka zaidi ya robo saa, rudi TWRP ufanye tena Format Data. Mara nyingi ni mabaki ya data za mfumo wa zamani.

Tumia laptopu yenye betri inayoshika chaji, si kompyuta ya mezani, kwa sababu umeme ukikatika Odin ikiwa katikati utahangaika. Waya nao uwe wa data. Nyingi zinazouzwa barazani ni za kuchajia tu. Na tundu la S5 lililokaa pwani miaka mingi huwa na kutu ya chumvi. Odin ikigoma kwenye SetupConnection, lisafishe kwa spiriti na mswaki mkavu kabla ya kuilaumu programu.

Sasa prosesa. Kiwango chake ni GHz 2.45. Kuizidisha kunataka ruti (ruhusa ya kugusa kila kitu ndani ya mfumo) inayotolewa na programu ya Magisk, keneli maalumu (kiini cha mfumo kinachoendesha prosesa) inayoruhusu, na programu kama Kernel Adiutor. Tuseme umefika GHz 2.6 na umepandisha volti kutoka 1.05 hadi 1.10 ili isizime. Mwendo umeongezeka asilimia 6. Umeme inaokula unakwenda kwa mwendo mara volti mara volti, kwa hivyo joto limeongezeka kama asilimia 16. Wakati wa kaskazi, ndani ya daladala, simu hii inajipunguza yenyewe hata bila kuguswa. Ukiisukuma inapungua mapema zaidi, na mchezo unakwama kuliko mwanzo. Tena kinachoichelewesha S5 ni RAM na hifadhi ya eMMC, wala si prosesa. Betri iliyochoka nayo hushindwa kutoa umeme wa ghafla, simu ikazima ikiwa na asilimia 30.

Mimi napendekeza kinyume chake. Kwa ruti na programu hiyo hiyo, shusha kilele cha mwendo hadi kama GHz 1.96, governor (kanuni inayoamua prosesa iende kasi gani) iwe interactive, na keneli ikiruhusu punguza volti milivolti 25 kwa kila hatua, ukitumia simu siku nzima kabla ya hatua inayofuata. Ikianza kujizima ikiwa imelala, rudi hatua moja juu. WhatsApp na YouTube hutaona tofauti, ila mgongo wa simu unapoa. Alama ya kutumia mipangilio hii kila simu inapowaka iwe ya mwisho kabisa, maana ukiitia mapema na volti ikawa ndogo mno, simu itawaka na kuzima bila kukupa nafasi ya kurekebisha.

Betri ya kununua ni EB-BG900BBE ya mAh 2800. Antena ya NFC iko ndani ya betri yenyewe, kwa hivyo ukiiweka na NFC (mawasiliano ya kugusanisha simu) ikagoma, huenda ni bandia.

Kamera inapungua kidogo, kwani programu ya Samsung inaondoka. Baadhi ya programu za benki hukataa simu yenye ruti. Magisk inaweza kufichwa, lakini usiitegemee. Pesa kwa simu kwa namba za nyota haiguswi kabisa.