Kugawa umeme wa mashine za kuchimba bitcoin: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Soketi ya ukutani ya kwetu, ile ya plagi ya miguu mitatu bapa, ni ya ampea 13. Mashine ya kuchimba ya Antminer S19 inakula wati 3,250, yaani ampea 14.1 kwa volti 230, usiku na mchana (yuniti 78 kwa siku, kabla hujawasha hata taa). Mashine moja tu, na soketi imeshazidiwa. Jioni volti zikishuka hadi 200 hali huwa mbaya zaidi: pawasaplai haipunguzi kazi, inavuta ampea zaidi ya 16, na joto kwenye viungo vya waya hupanda kwa karibu theluthi moja. Fyuzi ya plagi usiitegemee. Ile ya ampea 13 hubeba 20 kwa nusu saa bila kukatika, na muda huo unatosha plastiki kuanza kuungua.

Tunapanga kwa kipimo kimoja: kifaa kinachowaka saa 24 kisivute zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wa sehemu iliyo dhaifu kuliko zote njiani.

Nafasi ya kwanza: laini yake peke yake na PDU ya ampea 32

Fundi avute kebo ya shaba ya milimita za mraba 6 kutoka DB (sanduku la breka za nyumba), breka ya ampea 32 aina ya C, hadi soketi ya bluu ya kiwandani ya ampea 32. Hapo unachomeka PDU, ile pau ndefu yenye matundu ya C13 na C19 (C13 ni lile la waya wa kompyuta, C19 ni kubwa zaidi). Kikomo chako ni ampea 25. S19 moja, Antminer S9 moja (kama ampea 6) na Antminer L3+ moja (3.5; hii huchimba litecoin, si bitcoin) zinafika 23.6 na zinakaa vizuri. S19 mbili ni 28. Hizo zinataka laini ya pili.

Chagua PDU ambayo kila kundi la matundu lina breka yake. Yenye kioo cha kuonyesha ampea inastahili nyongeza ya bei. S19 ina viingilio viwili vya umeme, kila kimoja ampea 7, kwa hiyo nunua nyaya mbili za C13 zilizoandikwa 10A. Waya wa kompyuta kuukuu mara nyingi ni wa milimita 0.75, mwembamba mno kwa kazi hii.

Kabla ya kulipia kebo, mwombe muuzaji kisu ukwangue uzi mmoja. Ukitokea mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Iache hapo hapo, hata akikukatia bei nusu.

Nafasi ya pili: soketi ya bluu ya ampea 16

Breka ya 16, kebo ya milimita 2.5, au 4 kama umbali unapita mita 20. Inatosha S9 mbili. S19 haiingii, maana kikomo ni 12.8.

Nafasi ya tatu: ekstensheni nzito ya ampea 13

S9 moja na L3+ moja, basi. Hapo umefika ampea 9.5 na kikomo ni 10. Waya uwe wa milimita 1.5, usizidi mita 3, nao unyooshwe wote. Ukiachwa umejikunja kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea na mpira wa ndani hulainika hadi nyaya zikagusana. Usichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni.

Usinunue: adapta ya T na waya wa Y

Chuma cha ndani ya adapta ya T ni chembamba, kikipata moto kinalegea, na kikilegea kinazidi kupata moto. Waya wa Y unaogawa kichwa kimoja cha C14 (cha kiume, kinachoingia kwenye tundu la C13) kuwa C13 mbili unadanganya kwa sura: S19 itapata viingilio vyake viwili, lakini ampea zote 14 zinapita kwenye kichwa cha ampea 10.

Ukishawasha, rudi baada ya saa moja ushike kila plagi. Usipoweza kuishikilia sekunde tano, zima. Wiki ikipita, zima breka na fundi akaze skrubu zote za soketi na DB, kwa sababu shaba inayopata joto na kupoa hulegea. Na ukisikia harufu kama ya samaki chumba ambacho hakijapikwa samaki, kimbilia breka kwanza, plagi utaitafuta baadaye.