Uzoefu wangu: suruali ya mtumba ya zipu magotini, siku nne Lushoto

Niliwahi kuapa sitavaa suruali ya zipu magotini, ile unayotoa vipande vya chini ikawa kaptula. Nilikuwa naziona kwa wazungu wanaoshuka Kilimanjaro, vumbi mpaka kwenye nyusi, mifuko imetuna kama wamebebea viazi. Mwezi wa saba nikanunua moja soko la Karume kwa shilingi 12,000, nikaivaa siku tatu kati ya nne tulizokaa Lushoto. Sasa inabidi niitendee haki.

Tulikuwa wanne, wote wa Dar, watoto wa joto. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Julai kule baridi si ya utani, asubuhi unaongea unatoa moshi mdomoni. Jua likiwaka unavua sweta, likijificha nyuma ya mlima unalitafuta tena. Tena ukitoka Mbezi na basi la alfajiri, mpaka Mombo umeshalowa jasho, halafu gari likianza kukata kona za kwenda Soni unaanza kufunga vifungo kimoja kimoja. Mimi begi nililokuwa nalo ni moja, la mgongoni, na sikutaka lingine.

Suruali yenyewe ni ya nailoni nyepesi, rangi ya kaki. Muuzaji alianzia 20,000. Kwenye rundo lile lile kulikuwa na nyingine ya mabakamabaka ya kijeshi, imenikaa vizuri kuliko hii, nikaiacha. Huku kwetu raia kuvaa nguo za mfano wa jeshi ni kosa kisheria, na sikutaka likizo yangu iishie kutoa maelezo. Nimefika nyumbani nimeifua, nimeianika, ndipo nikaona kituko: kutoka kiunoni hadi magotini imepauka, kutoka magotini kwenda chini kama imetoka dukani jana. Nadhani aliyeivaa kabla yangu alikuwa anaivaa kama kaptula miaka yote, vipande vya chini vimelala kabatini. Nilitaka kuirudisha, nikajicheka. Fundi akanipunguzia kiuno kwa 3,000. Nikiivaa na shati langu la kitenge watu wanadhani zile rangi mbili ni mtindo. Wawili wameshaniuliza nimeipata duka gani.

Mtihani ulikuwa siku ya pili, msitu wa Magamba. Manyunyu tangu asubuhi, na ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Nilikaa chini mara mbili bila kupenda. Jioni nikaifua kwenye ndoo, nikaikamua ndani ya taulo, nikaitundika kwenye mgongo wa kiti chumbani. Asubuhi unyevu ulikuwa umebaki kwenye mkanda na mifuko tu, nikaivaa hivyo hivyo, ikamalizia kukauka mwilini kabla chai haijaisha. Mwenzangu alikuja na jinzi mbili, maana jinzi ndiyo inapendeza kwenye picha. Pamba nzito ikishanywa maji, kwenye baridi ile haiyaachi. Moja ilikaa kambani siku mbili na ikarudi Dar mbichi, imefungwa kwenye khanga yangu, na aliyeibeba hadi stendi ni mimi.

Sasa lawama. Zipu ya goti la kushoto inakula uzi wa pindo, kila mara uivute taratibu kama unambembeleza mtoto. Mifuko ya mbele mifupi, ukikaa simu inachungulia. Kubwa zaidi, ile sifa ya kuigeuza kaptula popote ulipo ni maneno ya dukani: kipande cha chini ni chembamba, hakipiti juu ya raba. Ina maana uvue viatu, ukae pembeni ya njia yenye tope, soksi mkononi, wenzako wanakusubiri. Na ukishavitoa vyote viwili, kipi cha kushoto kipi cha kulia? Mimi niliweka alama ya peni kwa ndani.

Halafu kwa mwanamke kuna jambo ambalo lebo haisemi. Njia ya kwenda mwamba wa Irente inapita katikati ya vijiji, na wazee wamekaa vibarazani wanakusalimia. Hupiti pale magoti nje. Kwa hiyo nilichanganya na khanga: kaptula ndani, khanga kiunoni, nikifika kwenye mawe naifungua. Pale mwambani, chini kabisa unaona mkonge wa Mazinde umepangwa mistari, na upepo unapanda kutoka bondeni kwa nguvu. Khanga hiyo hiyo ikawa ya kujifunika kichwa. Usiku ilikuwa mto. Jina lake ni "Usisafirie nyota ya mwenzio", wenzangu wakacheka sana, kwa sababu orodha yangu ya nguo niliinakili kwa dada mmoja aliyekwenda Lushoto Januari, msimu wa joto, akaniandikia sweta moja jepesi linatosha. Halikutosha. Mzula nilinunua sokoni kule kule.

Koti la mvua nililoagiza mtandaoni sitalitaja duka. Liliandikwa halipitishi maji. Kitambaa kweli hakipitishi, ila mishono ya mabegani imeachwa wazi bila utepe wa kuziba kwa ndani, na dakika ishirini za manyunyu zilitosha mabega kuloa. Nimemtumia muuzaji picha, tiki mbili za bluu, kimya. Ukinunua koti ligeuze ndani nje kwanza, uangalie mishono.

Vingine nilivyobeba: fulana tatu, hilo shati la kitenge, taiti nyeusi ya kulalia, sweta, doti moja ya khanga, soksi jozi nne (zilihitajika sita), raba na yeboyebo za bafuni. Raba zilikuwa nyeupe. Si nyeupe tena.

Suruali naipa nne kwa tano. Desemba naenda nayo Mikumi, na kaki kule ina faida yake, mbung'o hupenda bluu na nyeusi. Zipu ya kushoto nimeipeleka kwa fundi. Amesema nirudi Jumamosi, hakusema ya lini.