Duka la chapa la River Road: ramani safi, na kurasa zinazofuatana

Ninafundisha historia kidato cha tatu, na muhula huu darasa langu limekuwa tume ya uchunguzi. Kesi ni ya Nova Scotia, meli ya Uingereza iliyozamishwa karibu na pwani ya Natal, Afrika Kusini, tarehe 28 Novemba 1942 ikiwa imebeba mamia ya Waitaliano, wafungwa wa vita na raia waliozuiliwa, wakitolewa Eritrea kupelekwa Durban. Walikufa watu 858, wengi wao hao Waitaliano. Tume iseme nani wa kulaumiwa.

Kwa kazi hiyo nilihitaji ramani ya ukutani na mafaili ya vikundi. Nilivichapa katika duka dogo la River Road, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza mabegi.

Ramani ya A0 ni shilingi 1,200, na inastahili. Kijana wa mashine aliitazama kwenye kompyuta akaniambia, "Mwalimu, bahari tuipunguze rangi, la sivyo huu mstari hawatauona." Akaipunguza bila kuongeza bei. Sasa aliyekaa dawati la nyuma anaiona njia yote, bandari ya Massawa huko Eritrea, Aden, hadi meli ilipopigwa.

Lakini sifa yangu kubwa ni ya mafaili. Duka jingine nililowahi kulitumia liliniunganishia kurasa ovyo, na katika kesi hii mpangilio ndio ushahidi. Septemba 1942 nyambizi ya Ujerumani U-156 iliizamisha Laconia, meli ya Uingereza iliyokuwa na wafungwa Waitaliano wapatao 1,800. Kamanda wake akaanza kuokoa watu na kutandaza bendera ya msalaba mwekundu. Ndege ya Marekani ikamshambulia hata hivyo. Tarehe 17 Dönitz, mkuu wa nyambizi za Ujerumani, akatoa amri: nyambizi zisiokoe tena. Ukurasa unaofuata ni Novemba. Robert Gysae, kamanda wa nyambizi U-177, anaipiga Nova Scotia, anawatoa wawili majini, anagundua wengi wa waliobaki ni Waitaliano, watu wa nchi mshirika wa Ujerumani, anatuma habari makao makuu, anaambiwa aendelee na kazi yake. Wareno, waliotawala Msumbiji na hawakuwa vitani, walipashwa habari, manowari yao Afonso de Albuquerque ikatoka Lourenço Marques, Maputo ya leo, na kuwakuta watu wapatao 190 tu wakiwa hai. Ukisoma Novemba kabla ya Septemba, lawama yote inamwangukia Gysae peke yake, na mimi siwezi kuwafundisha watoto hivyo.

Kijana yule alizikagua tarehe moja moja kabla ya kutoboa matundu ya waya. Alipofika Novemba akasimama. "Hawa si walikuwa upande wa Mjerumani? Na Mwingereza aliwapitishaje hapo?" Swali la pili ndilo lililowagawa wanafunzi wangu baadaye. Mkataba wa Geneva wa 1929 ulitaka wafungwa waondolewe eneo la mapigano, na bahari ile ilikuwa ikiwindwa na nyambizi. Mimi naona kuzama na kuachwa ni makosa mawili, yenye wahusika tofauti. Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Ujerumani baada ya vita, ilimfunga Dönitz miaka 10 mwaka 1946, ila adhabu hiyo haikupimwa kwa uvunjaji wa sheria za vita vya nyambizi. Ukurasa huo niliomba uchapwe kwa herufi kubwa, nao wakafanya hivyo.

Kasoro ni plastiki ya kufunika ramani. Inang'aa, na mchana jua likipiga dirishani upande wa Durban hausomeki. Omba isiyong'aa, wanayo, ila hawakutajii usipouliza. Ngazi nazo ni nyembamba, kwa hiyo ukiwa na ramani iliyokunjwa pita kabla ya saa nne, wateja hawajajaa.

Malipo ni kwa M-Pesa, risiti wanatoa, na mwalimu mkuu aliikubali bila maswali. Faili la Laconia peke yake nimeshaulizia bei.